Majibu Yako na Yangu, Wifi

3 Februari

Mke wa kaka yangu,

Msalimie kwanza kaka yangu, yeye hana kosa. Wewe nitakusalimu nikishapoa.

Ni wewe uliyenitia katika mambo haya. Ulipokuja kututembelea mwaka jana ulikaa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, unaning'iniza miguu kama mtoto wa shule, ukaniambia, "Wifi, nimepima mlango wa kizazi. Ni kitu kidogo tu, nimetoka safi. Na wewe nenda." Ukanisumbua siku zote ulizokaa, na ulipoondoka ukawaachia mafundi wangu kazi ya kunisumbua kwa niaba yako. Haya, nimekwenda. Nimepanda kile kitanda, nimepanua miguu mbele ya nesi ambaye nilimshonea gauni la harusi, nimetazama dari mpaka nikalijua.

Majibu yametoka. Seli si za kawaida. Nesi kasema, "Mama, kuna mabadiliko kidogo, utaonana na daktari." Kidogo ni kiasi gani? Mimi nikimwambia mteja gauni limembana kidogo kiunoni, anajua halivaliki.

Sasa nieleze wewe unayejua kila kitu. Mimi ni mstaafu. Siku zangu zilishakoma, watoto nimeshalea, chumba kile nilikifunga tangu marehemu alipoondoka na sikumpa mtu ufunguo. Mabadiliko yameingilia wapi? Wewe uliye katikati ya shughuli umetoka safi, mimi niliyekwisha kufunga duka ndiye mwenye kasoro.

Usinipigie simu kuhusu jambo hili. Unajua mimi siisikii simu mpaka niweke spika, na nikiweka spika karakana nzima inasimamisha cherehani ili ifaidi. Andika. Barua mpe mtu wa vifurushi wa basi, nitaifuata mwenyewe. Na usimwambie kaka yangu, ataanza kulia kabla hajauliza analilia nini.

Naogopa, wifi. Nimesema. Jana nimekata koti la watu mikono miwili yote ya kushoto.

Na tumbo vipi? Bado tu? Vinguo vya mtoto nimeshajaza kikapu, sasa naanza kingine.

Wifi yako mkubwa,
Fundi

11 Februari

Wifi yangu mkubwa,

Shikamoo. Nakusalimu mimi kwa kuwa wewe umegoma.

Barua yako nimeisomea juu ya ngazi, brashi mdomoni, nachora bango la muuza viatu. Nilipofika kwenye koti lenye mikono miwili ya kushoto nikacheka, kiatu kimoja kikapata kisigino mbele na nyuma. Mwenyewe amekipenda, kasema kiachwe.

Sasa tulia unisikilize. Unakumbuka hospitali ya hapa walinipa kazi ya kuchora majina ya vyumba vyote? Nilikaa kwenye korido ya kinamama siku nyingi, na manesi wale hawana siri kwa mtu aliye juu ya ngazi. Nilichokielewa ni hiki. Sisi ambao bado tunaona siku zetu, mara nyingi seli hubadilika kwa sababu ya kirusi ambacho karibu kila aliyewahi kulala na mtu hukutana nacho. Mwili wenyewe huwa unakifukuza. Mabadiliko yakiwa madogo, wanasubiri kisha wanapima tena. Yakiwa makubwa, wanayatoa mapema yasije yakageuka kansa, wanakupiga ganzi, wanapitisha waya wa umeme mwembamba, wanaondoa kipande chembamba, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwenu nyinyi wastaafu kuna jambo la ziada. Homoni zinapungua, ngozi ya kule inakonda na kukauka, na seli kavu zikiwekwa chini ya darubini zinaweza kuonekana mbaya kumbe ni ukavu tu. Wakati mwingine ubaya upo kweli, ndiyo maana hawakuachi hivi hivi. Utapewa krimu ya homoni uitumie wiki kadhaa, kisha watapima tena. Wengi wanarudi safi. Kwa hiyo usianze kugawa vyombo.

Mimi sijambo. Hilo la tumbo tumwachie Mungu.

Wifi yako,
Mchora Mabango

2 Machi

Wifi,

Marahaba. Nimepoa kiasi.

Nimeonana na daktari. Alinieleza mambo mengi lakini masikio yangu yalikuwa yameziba kwa woga, nimeambulia matatu tu: ukavu, krimu, kila jioni. Kama ulivyosema. Nikatoka pale mwepesi, nikaenda dirisha la dawa, na dirishani nani amekaa? Mchumba wa binti yangu.

Nilijua anafanya kazi ya dawa, sikujua ni pale. Kijana ana adabu zake, mimi nikipita hata kama anakula anasimama. Akaipokea karatasi yangu, akaisoma, akaisoma tena, akaanza kuitazama kalamu yake. Halafu kwa sauti ndogo, "Mama, hii inatumika..." Nikamkatiza. Nikamwambia, "Najua, baba, najua, nimeitumia sana hii." Sijaiona maishani mwangu. Nikainyakua nikaondoka bila kuaga, na yeye nilisikia amepumua.

Ndani ya boksi kuna krimu, kibomba cha plastiki chenye mistari ya kupimia, na karatasi yenye maandishi madogo ambayo hata kwa miwani mbili siyasomi. Haina neno. Mtu mzima anajua mwenyewe palipomkauka. Kila jioni napima mpaka mstari, napaka, nakaa kitako kimya ikolee. Sijaruka hata siku moja. Binti yangu naye kutwa ananiambia, "Mama, soma ile karatasi," na akiulizwa karatasi gani anakimbilia jikoni. Sijui siku hizi ana nini.

Lakini kuna kitu kinanikereketa, wifi. Nimeirudia barua yako. Ganzi, waya, kipande chembamba, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mimi nimeshona miaka mingi, najua mtu anayeeleza gauni alilolivaa na anayeeleza alilolipita dirishani. Mchora milango anayajulia wapi hayo yote?

Fundi

10 Machi

Wifi yangu,

Shikamoo.

Sikutoka safi.

Nilipokuwa kwako nikining'iniza miguu, majibu yangu nilikuwa nayo kwenye mkoba. Mabadiliko makubwa. Si kansa, walinieleza vizuri, lakini si ya kuachwa, yatibiwe. Nilikuhimiza wewe kwa sababu nilitaka angalau mmoja wetu atoke salama. Nikasema mimi niko safi ili usiogope. Ukaenda, nawe ukapata lako, na mimi nikabaki na uongo wangu mkononi.

Nimepangiwa siku mara mbili na mara zote nimefika. Nimekaa benchi pale koridoni, chini ya bango nililolichora mwenyewe, herufi ya mwisho imelala kidogo upande, nikaitazama hiyo herufi mpaka nikasikia naitwa. Mara ya kwanza nikasimama nikasema nimesahau kopo la rangi nje. Mara ya pili nikaondoka bila hata kisingizio.

Sina mtoto, wifi. Mahali pale ndipo mtoto anapopitia. Nesi ananiambia kizazi hakiguswi, ni mlangoni tu, wenzangu wengi wametibiwa na wamezaa. Nikiwa naye naelewa. Nikiwa peke yangu naona nikipanda kile kitanda nitashuka mtu mwingine, mtu ambaye hata kwenu hana la kujibu akiulizwa. Nisipopanda, nimeambiwa kinachoweza kufuata. Basi nipo tu hapo katikati, nachora viatu.

Kaka yako hajui.

Wifi yako

15 Machi

Wewe mwanamke,

Nimeisomea barua yako stoo, nimekaa juu ya marobota ya vitambaa. Mafundi wamegonga mlango, nimewaambia nahesabu vifungo.

Kwa hiyo mimi mzee nipelekwe huku navutwa mkono, nitazame dari la watu, nikimbizane na mkwe dirishani, halafu wewe mwenye ugonjwa unaosubiriwa na daktari ukimbie kwa ajili ya kopo la rangi? Nimekasirika. Nimekasirika kwa sababu nakupenda, na ukiniuliza hadharani nitakana.

Sikiliza. Kipimo changu cha marudio ni mwezi wa nne. Nimefanya uamuzi: usipokwenda wewe, siendi na mimi. Nikipatwa na lolote utamweleza wewe kaka yangu, na mafundi wangu, na huyu mteja wangu bibi harusi ambaye gauni lake liko nusu. Unanijua, mimi nikikaa chini siinuliwi.

Na kama kaka yangu ndiye kikwazo, kama ndiye anayekutia hofu ya mtoto, basi naye nimemwandikia yake leo hii. Mistari miwili. Imemtosha.

Fundi

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimepata barua yako hapa kazini, mbele ya madereva wote. Umesema mimi ni jitu lisilo na huruma na nimpeleke mke wangu hospitali leo leo au nisikanyage kwako tena.

Nimekaa nimefikiri sana nimekosa nini. Kama ni ile cherehani niliyoiazima, niliirudisha. Mke wangu anaumwa nini, dada? Asubuhi nimemwacha anaimba. Naomba unieleze taratibu kwa sababu hapa nilipo napima mizigo ya watu na kilo nakosea.

Mdogo wako

24 Machi

Wifi,

Shikamoo, japo leo ningeweza kuiacha.

Kaka yako alirudi nyumbani mchana ule ule alioipata barua yako, na fulana ya kazi, barua mkononi, na ile aliyokuandikia mfukoni. Nilikuwa nachanganya rangi uani. Akaninyooshea barua yako. Nikamweleza yote, tumekaa chini palepale kwenye makopo. Alilia kama ulivyosema, kabla hajauliza. Halafu akaniuliza siku ni lini. Nikamwambia bado sijaomba nyingine. Akaosha uso, tukaenda pamoja kuiomba. Ni mwisho wa mwezi wa nne. Sasa ameanza kunifuata hata nikienda dukani. Basi, kikwazo chenyewe ndicho hicho.

Si yeye, wifi. Nitalisema kwa adabu zote lakini nitalisema. Ni wewe.

Yeye hajawahi kuniuliza habari ya tumbo. Wewe hujawahi kuacha. Kila barua, kila simu, na spika yako imefunguliwa, karakana nzima inasubiri jibu langu. Nilipokuja ulinionyesha kikapu cha vinguo, ukanipangia saizi moja baada ya nyingine mpaka vya mtoto anayeanza shule. Nilivikunja kimoja kimoja huku natabasamu na majibu yangu kwenye mkoba. Kwenye lile benchi sikuwa naogopa waya wala ganzi. Nilikuwa naogopa kukuandikia kwamba vile vinguo havitavaliwa.

Nakuheshimu na nakupenda, na ndiyo maana imeniuma. Nenda kapime. Mimi nitakwenda.

Wifi yako

20 Aprili

Wifi yangu,

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Nimejaribu kujibu mara kadhaa nikajikuta najitetea, nikachana. Sijitetei. Kikapu hakipo tena. Mteja wangu mmoja amejifungua mapacha, nimempa vyote, na wale watoto wamependeza. Ulichoniambia kimeingia.

Sasa yangu. Nimekwenda, kama tulivyoahidiana. Majibu yametoka vilevile. Hayakusogea hata uzi mmoja. Daktari amekuna kichwa, akaniuliza, "Mama, krimu uliitumia?" Nikamwambia kila jioni, bila kuruka. Akaniuliza tena. Nikaona kama ananiita mwongo, nikamwambia mimi nikipewa kipimo nakifuata, kazi yangu ni vipimo. Akasema basi kama krimu haijasaidia, huenda ukavu siyo sababu, itabidi mlango wenyewe uangaliwe kwa darubini na wachukue kipande kidogo cha nyama wakapime. Nimepangiwa mwezi ujao.

Kwa hiyo wifi, nadhani ndiyo hivyo. Silii. Nimeanza kumfundisha fundi wangu mkubwa mahesabu, na ile mashine nzuri ya kudarizi nimeamua ni ya binti yangu. Wewe utachukua meza ya kukatia, kwa kuwa ulishaikalia.

Dawa yenyewe siilaumu, ni nzuri ajabu. Magoti yangu sasa ukiyaona utasema ni ya msichana. Ule ukavu wote umekwisha, ule weupe weupe hakuna, hata kupiga magoti kupima pindo la mteja siumii tena. Ilipobaki kidogo nilimalizia kwenye viwiko. Nje nimekuwa mpya kabisa, kumbe ndani ndiko kunakooza.

Uende siku yako ikifika. Usiniangalie mimi.

Wifi yako,
Fundi

29 Aprili

Wifi,

Shikamoo. Naandika nimelala kitandani kwa amri ya kaka yako, ambaye amenikataza hata kubeba kalamu nzito.

Nianze wapi. Barua yako aliichukua yeye kwenye vifurushi jana asubuhi tukiwa njiani kwenda hospitali. Nikaifungulia pale pale kwenye lile benchi. Nilisoma mwanzo nikalia. Nilisoma katikati nikalia zaidi, kaka yako akanishika bega. Halafu nikafika kwenye magoti.

Wifi. Magoti?

Nilirudia mstari ule nikidhani machozi yananidanganya. Nikaenda mbele nikakuta viwiko. Hapo nikashindwa. Nilicheka mpaka nikateleza kwenye benchi, kaka yako akadhani nimepagawa, akaita nesi, nesi akaja anakimbia, naye akaniuliza kuna nini na mimi siwezi kusema. Niliweza kusema neno moja tu, "krimu". Kaka yako ananyoosha mkono aisome, mimi nimeikalia barua. Wakati huo huo jina langu likaitwa.

Niliingia nikicheka, wifi. Sikupata nafasi ya kuitazama ile herufi iliyolala. Nikapanda kitandani bado nafuta macho, daktari akauliza, nikamweleza ya wifi yangu mmoja na magoti yake, bila kukutaja. Naye akageuka ukutani kwanza. Ganzi ilichoma kidogo. Waya ulinguruma kidogo, kukanuka kama nywele zikiungua, na kabla sijamaliza kuwaeleza habari ya mkwe dirishani wakaniambia tayari, shuka taratibu. Kipande kimekwenda kupimwa. Kizazi hakikuguswa. Wamesema nikija kupata mimba niwaambie mapema wanifuatilie kwa karibu, ndilo la kuangalia tu. Nitapima tena baada ya miezi sita.

Sasa wewe. Ile krimu ni ya ndani, wifi yangu. Ndani kabisa, kule kule kulikopimwa. Kile kibomba unakijaza mpaka mstari, unalala chali, unakiingiza, unasukuma. Ndiyo yaliyoandikwa kwenye ile karatasi, na nina hakika ndiyo binti yako alikuwa ametumwa na mchumba wake akuambie akashindwa. Seli zako hazijasogea kwa sababu dawa haijawahi kufika mtaa ule. Rudi kwa daktari kabla ya siku ya darubini umweleze ukweli. Ukiona haya, mpe barua hii aisome mwenyewe.

Ile mashine ya kudarizi usimpe mtu bado.

Wifi yako

8 Julai

Wifi,

Hii ni mara ya kwanza nashika kalamu tangu uniandikie. Nilikuwa najificha.

Nimeshika barua yako nikarudi. Nilikuwa nimejipanga kusema kwa kifupi na kwa heshima. Nikakaa, nikafungua mdomo, nikasema, "Daktari, ile krimu nilipaka magotini." Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akavaa, akaniomba radhi, akatoka nje. Nilimsikia koridoni. Aliporudi macho mekundu akaniambia kosa ni lake, angehakikisha nimeelewa, tuahirishe darubini kwanza tuanze upya.

Dirisha la dawa, mkwe. Safari hii nilisimama mbele yake, nikamwambia, "Baba, nieleze, neno kwa neno." Kijana wa watu alinieleza akiwa amefumba macho, na mimi nimefumba yangu. Tulipofumbua tulikuwa ndugu. Binti yangu amekiri alitumwa, akasema angeanzaje kumwambia mama yake aweke dawa kule. Nikamwambia aanze kwa salamu.

Nimeitumia kule. Sisemi zaidi. Wiki zikaisha, nikasubiri kama nilivyoagizwa, nikapima.

Safi, wifi. Kawaida kabisa. Nesi wangu wa gauni la harusi alinisomea kwa ile sauti yake ya kawaida, nikamwomba asome kwa furaha kidogo, akasoma tena. Nimerudi karakana nikazima cherehani zote, nikawaeleza mafundi wangu kila kitu, pamoja na magoti. Wamecheka mpaka mmoja amejichoma sindano. Siku iliyofuata tumefunga, nimewapeleka wanawake wote kupima, wazee kwa vijana. Mmoja wa vijana amekutwa na mabadiliko madogo, ameambiwa arudi mwakani. Alianza kulia, wenzake wakamweleza ya kirusi na mwili kukifukuza kana kwamba wamesomea. Kumbe nilipokuwa nasoma barua zako kwa sauti stoo walikuwa mlangoni.

Bado wewe. Nasubiri na wewe.

Fundi

4 Novemba

Wifi yangu,

Shikamoo.

Nimepata majibu. Kile kipande walichotoa kilikuwa na mabadiliko yote ndani yake na kingo zake zilikuwa safi, hilo nililijua tangu mwezi wa tano nikaogopa kulifurahia. Leo ni kipimo cha sasa. Nesi alitoka mwenyewe koridoni, akakaa kwenye benchi karibu yangu, akasema, "Hakuna kitu. Uko safi. Kirusi nacho hakionekani." Nikamwambia aseme tena. Akasema tena.

Nitaendelea kupima kila watakaponiita, miaka mingi, hilo nimelikubali. Lakini leo niko safi, na safari hii si uongo.

Kaka yako yuko nje anawaambia majirani nimefaulu mtihani. Hawajui mtihani gani, wanampa mkono tu.

Wewe ndiye wa kwanza kuandikiwa. Daktari kasema mlango wangu hauna kizuizi, tukitaka mtoto tuendelee kujaribu. Akija au asije, sijui. Nimeona nikuambie mwenyewe, wifi, usije ukakaa huko unajiuliza na unaogopa kuniuliza.

Wifi yako,
Mchora Mabango

9 Novemba

Wifi yangu,

Barua yako imenikuta na mteja amesimama juu ya kiti, pindo lake limejaa pini. Nimeisoma nimesimama. Nimelia mbele yake, na pini mdomoni, kitu ambacho nawakataza wanafunzi wangu. Mteja naye akalia, hajui tunamlilia nani. Mafundi wakapiga vigelegele, mtaa mzima ukaja kuuliza nani anaolewa. Nikawaambia ni wifi yangu, amepona.

Ninalotaka kukuambia ni fupi. Kaka yangu alipokuleta kwetu nilikupokea kama mtu aliyeleta tumbo, na kila mwaka nikawa nalidai. Sasa nimeona jinsi ninavyoweza kukupoteza wewe mwenyewe, na nimejua sitaki mtu mwingine yeyote mahali pako. Mtoto akija tutampokea kwa mikono miwili. Asipokuja, mimi nitakuwa na wewe, na nitashiba.

Karakana inafungwa wiki nzima mwisho wa mwezi. Nimetandika kitanda cha chumba cha mbele. Njoo ukae. Kaka yangu akiwa na kazi, mwache huko huko.

Wifi yako,
Fundi